Viti Katikati ya Wagika na Wagalu

Vijana mliobaki ofisini mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ya afisa utamaduni inavyofanywa, hasa hiki mnachokiita siku hizi biashara ya uzoefu wa mahali. Nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza, nimestaafu, na kuku wangu wa hapa Ngokolo hawahitaji ushauri wa mtu. Pili, najua nisipoandika mtamsikiliza yule mtaalamu wa semina mwenye suti ya kijivu, na hapo Mungu awasaidie. Habari za vyeo na mshahara sitazigusa. Cheo changu kilikuwa kidogo, na mshahara wenyewe mnaujua, ndio mnaoupokea.

Nilifika Shinyanga kutoka Dodoma na sanduku la bati na barua ya kazi. Mkuu wangu wa kwanza aliitwa Mzee Kasubi, Msukuma kindakindaki, mfupi, mwenye kofia ambayo sikuwahi kuona kichwa kilichokuwa chini yake. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza kwetu ni wapi. Nilipomwambia mimi ni Mgogo, alivuta droo ya meza taratibu, akatoa karanga zake na kuzihamishia mfukoni, halafu akaendelea kusoma barua yangu kama hajafanya kitu. Nikamwambia kama ni hivyo basi akafunge na zizi la ng'ombe. Akacheka mpaka akavua miwani. Ndivyo utani wa Wasukuma na Wagogo ulivyo huku, ukinyamaza wanadhani unaumwa. Tangu siku hiyo wilaya nzima ikaniita Mgogo Wetu, na jina la kuitwa kwa mwanangu, Mama Neema, likabaki kwa wale wanaotaka kuniomba kitu.

Mzee Kasubi alikuwa na vifaa vitatu vya kazi: pikipiki ya ofisi isiyokuwa na breki ya mbele, mwavuli, na tumbo. Tumbo ndilo alilolithamini zaidi. Alinifundisha kwamba ukifika kwa watu usitoe kalamu. Salimia, kaa, kula michembe watakayokuletea, sifia karanga, uliza mvua, kisha nyamaza. Watu wakishakuona unatafuna viazi vyao vikavu kwa bidii, wataanza wenyewe kusema kilichowasibu. Mimi meno yangu ya Kigogo yalizoea mlenda, chakula kisichohitaji meno, kwa hiyo mwaka wa kwanza nilijifunza kazi kwa maumivu ya taya.

Wakati ule utamaduni maana yake ilikuwa kupokea viongozi. Kikundi kinacheza juani tangu asubuhi, kiongozi anafika saa ambayo watu wameshachoka, anapunga mkono kutoka ndani ya gari, wachezaji wanapewa soda ya moto na kurudi kwao kwa miguu. Hakuna aliyefikiri mtu anaweza kulipia. Wa kwanza kutufumbua macho alikuwa mgeni mmoja aliyeharibikiwa na gari pale Tinde. Alimkuta mama mmoja anasukasuka kibuyu cha maziwa ili siagi ijitenge, akaomba ajaribu. Alitikisa kile kibuyu mpaka shati likalowa, akaona siagi inatoka, akafurahi kama kajifungua, kisha akatoa hela akamshukuru mama wa watu. Yule mama alikuja ofisini kuuliza kama ni kosa kisheria kumfanyisha mtu kazi zako halafu akakulipa yeye. Nikamwambia si kosa, na arudi nyumbani akanunue vibuyu vingine.

Hapo ndipo kazi yetu ilipobadilika. Tulizunguka kote, hadi Katoro kwenye machimbo ya dhahabu, tukiwasaidia watu kuuza vile walivyokuwa wakivifanya bure. Katoro nilimkuta kijana wa Kondoa anaitwa Shabani, aliyeweka karai na pipa la maji kando ya barabara, akawakaribisha wapita njia waoshe mchanga kama wachimbaji. Ili wateja wasikate tamaa, Shabani alikuwa anachanganya chengachenga za shaba kwenye mchanga. Bwana mmoja mfanyabiashara akaziona, akatetemeka, akataka kununua kiwanja kizima papo hapo, pipa likiwemo. Nilimkuta Shabani amejificha kwa muuza chipsi. Nikamshauri aandike ubao kwamba huo ni mchanga wa mazoezi na chenga ni za shaba. Alidhani nimemuua kibiashara. Kumbe wateja waliongezeka, wakawa wanapiga picha na shaba yao na kwenda kuwadanganya wenzao nyumbani. Somo la hapo ni kwamba mtu hachukii kudanganywa, anachukia kutoambiwa.

Lakini kazi iliyonipa mvi ni ya mapacha wa Tinde, Kulwa na Doto. Hiyo nitaieleza taratibu.

Kwanza mjue jambo moja, hasa ninyi mliotoka mbali. Usukumani wacheza ngoma wamegawanyika pande mbili tangu enzi za mababu, Wagika na Wagalu. Baada ya mavuno pande hizo hucheza wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, kila upande na ngoma zake na mbwembwe zake. Hakuna mwamuzi wala alama. Watazamaji husimama katikati, wakivutiwa na huku wanakimbilia huku, wakisikia kishindo kule wanakimbilia kule. Upande uliobaki na watu umeshinda. Uliobaki na vumbi umeshindwa, na ndio huo unaoacha kucheza.

Kulwa na Doto baba yao alikuwa Mgalu na mama yao Mgika. Mapacha walipozaliwa, wazee wakaona busara wagawane: Kulwa, dada, awe Mgika, na Doto, mdogo wake kwa muda wa kuchemsha maji, awe Mgalu. Walifikiri hiyo italeta amani nyumbani. Nyumba ile haikulala tena. Walipokua kila mmoja akawa kiongozi wa upande wake, na mtu mzima na akili zake aliweza kununiwa wiki nzima kwa sababu alisogea hatua mbili upande usiofaa.

Kiangazi Doto alikuwa anakwenda kuchimba dhahabu kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo nje ya Katoro. Mwaka mmoja duara likatitia akiwa ndani. Wenzake walimvuta kwa kamba akiwa na udongo masikioni na puani, hajui kama ni mchana. Kulwa alikwenda kumchukua kwa basi, akamleta Tinde amemshika mkono njia nzima kama mtoto. Kisha akaja ofisini kwangu. Sijawahi kumwona mama yule akilia, na siku hiyo hakulia pia, ila alikaa kwenye benchi akavunja vijiti vyote vya kiberiti nilivyokuwa navyo mezani, kimoja kimoja.

"Mama Neema," alisema, "Doto anasema akipona atarudi. Anasema nimwonyeshe kazi nyingine inayolipa. Nionyeshe wewe, maana mimi najua ngoma tu."

Basi tukaifanya ngoma ndiyo kazi. Tulichagua boma la Kulwa, lililo karibu na barabara kuu, tukapanga siku ya mgeni ianze kwa kusukasuka maziwa, ifuate ngoma ya pande mbili, imalizike kwa michembe na karanga. Malipo tukakubaliana yagawanywe kabla ngoma haijaanza, kwa sababu baada ya ngoma hakuna mshindi duniani ambaye angekubali aliyeshindwa apate sawa naye. Andikeni hilo mahali.

Mteja tulimpata Mwanza, wakala wa watalii anaitwa Edwini, kijana nadhifu mwenye miwani ya jua aliyoivaa hata ndani ya nyumba. Alikubali kuleta wageni wa kujaribia. Wakipenda, angekuwa anasimamisha magari yake Tinde msimu mzima. Wasipopenda, basi. Doto aliposikia, akasema naye atatoa jibu lake siku hiyohiyo, kama anabaki au anarudi shimoni. Mwenye duara wa Katoro alikuwa anampigia simu kila mara, shimo limejengewa magogo upya, nafasi yake ipo. Begi lake lilikuwa limeshapangwa, linaning'inia kwenye msumari mlangoni kwa dada yake, na Kulwa alikuwa anapita chini yake kila akienda kuchota maji.

Sasa Edwini alikuwa na sharti moja. Wageni wake wamelipa pesa nzuri, hawawezi kusimama vumbini, wawekewe viti na kivuli. Jamani, nani angekataa? Kumpa mgeni kiti ni heshima. Tuliazima viti kanisani, tukavifuta, tukavifunika vitambaa. Ugomvi ukazuka wa wapi viwekwe. Vikiwa upande wa Doto, Kulwa anasema ameshaibiwa watu kabla ya kuanza. Vikiwa upande wa Kulwa, Doto anasema bora avunje ngoma. Tukaviweka katikati kabisa, tukapima kwa hatua, kila mtu akaridhika. Watu wote wa Tinde, waliozaliwa kwenye ngoma hizo, walikuwepo, na mimi nilikuwepo na miaka yangu yote ya utamaduni. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza mtu aliyeketi kwenye kiti atakimbiaje.

Wageni wakaja, wakasalimiwa, wakasukasuka maziwa wakacheka. Ngoma ikaanza. Doto alikuwa na jembe linalozunguka juu ya kidevu na njuga zinazosikika mpaka barabarani. Kulwa naye alikuwa na mstari wa wanawake wanaorusha majembe angani na kuyadaka kwa nyuma. Wageni wakageuza shingo huku, wakageuza shingo kule, wakapiga makofi sawasawa kama watu wenye adabu. Majirani nao wakasimama nyuma ya viti. Kuwaacha wageni wameketi peke yao na kukimbilia ngoma ingekuwa utovu wa adabu, kwa hiyo hakuna aliyesogea. Kila mtu alikaa katikati.

Ngoma ikaendelea. Ikaendelea tena. Ilipaswa kuwa fupi, wageni wapate chakula, waondoke wafike Mwanza kungali na mwanga. Lakini hakuna aliyeshindwa, na kama hakuna aliyeshindwa nani aache? Jasho likawa linachuruzika, ngozi za ngoma zinalegea, mpiga ngoma mmoja wa Wagalu amekaa chini anapiga huku anakunywa uji. Edwini akawa anatazama saa, kisha ananitazama mimi, kisha saa. Mgeni mmoja mwenye mashavu mekundu alikuwa amesinzia.

Nikamfuata Doto, nikamwomba apunguze, amalize. Bila kuacha kuchezesha mabega akaniuliza amalizeje wakati hakuna hata mtoto aliyemkimbia. Nikavuka uwanja kwa Kulwa. Huyu nilijua ataelewa, ni yeye aliyevunja kiberiti changu. Nikamwambia wageni wamechoka, wakala amekasirika, aache yeye kwanza, ampe Doto ushindi, mambo yaishe. Nikamkumbusha begi lililo kwenye msumari.

Aliangalia mlango wake. Nikasema sasa ataacha. "Nikiacha kwanza," akasema, "atanicheka mpaka siku ya kunizika." Akarusha jembe juu zaidi.

Niwaambie ukweli, nilikasirika mpaka macho yakaniwasha. Ndugu wawili, mmoja anataka kumwokoa mwenzake shimoni, na hawezi kumwachia ngoma moja. Nikarudi kwa Edwini, nikamweleza kwamba tatizo ni viti, awaambie wageni wasimame wachague upande. Akajibu kwamba viti vimo kwenye makubaliano, na kwamba wageni wake hawatakimbizwa kama mbuzi.

Hapo nikamwona mzee wa kijiji anapita nyuma yetu na fimbo yake. Nikamnong'oneza Edwini kwamba huyo ni mkubwa hapa, ainuke amsalimie. Kijana mwenye malezi akainuka, akainama, akatoa shikamoo kwa mikono miwili. Alipogeuka kukaa, kiti chake kilikuwa kichwani kwangu, mimi nakimbia nacho kuelekea kwa Doto.

Edwini alinifuata. Sijui alifuata kiti au alitaka kunipiga. Bibi mmoja wa kizungu, mrefu, mwenye kofia ya majani, alitutazama tunavyokimbizana, akacheka kicheko kikubwa, akakwapua kiti chake na kuja mbio. Wenzake wakafuata. Yule aliyesinzia akazinduka yuko peke yake uwanjani, akaogopa, akakimbia na vitambaa viwili shingoni. Majirani walipoona wageni wameondoka, adabu ikawa imekwisha muda wake. Uwanja mzima ukaporomokea upande wa Wagalu.

Doto akalewa sifa. Alitoa jogoo wake aliyefundishwa kulala chali kama mfu na kuamka kwa filimbi, akamlaza, akamfufua, watu wakaangua vifijo. Nikajua imekwisha, Kulwa ameshindwa, na moyo wangu ukatulia.

Nyuma yangu nikasikia kelele za aina nyingine. Kulwa alikuwa ametoa kitu ndani ya nyumba, kimefunikwa shuka. Akalivuta. Kilikuwa kinyago cha mti, kirefu kama mtu, chenye miwani ya waya, kitenge, kalamu nyuma ya sikio na mkoba mkubwa kwapani. Akivuta kamba, kichwa kinatikisika juu chini kama mtu anayekubali kila anachoambiwa, na mkono unachukua michembe kutoka kwenye sahani na kuitia mkobani. Kilikuwa mimi. Kichwa kilikuwa kikubwa kuliko haki yangu, lakini nilikuwa mimi, hata Edwini alinitambua. Watu walikimbia kuelekea kwa Kulwa wakilia kwa kucheka, bibi wa kofia ya majani mbele yao, kiti mgongoni. Nami nilikimbia, nikajitazame. Upande wa Doto akabaki jogoo.

Doto akatupa jembe, akaketi vumbini. Ndivyo anavyofanya aliyeshindwa.

Edwini aliondoka amenuna, gari likafika Mwanza usiku. Lakini njia nzima, alikuja kunisimulia mwenyewe, wageni walikuwa wanabishana nani alishinda kwa haki na nani alisaidiwa na afisa wa serikali. Alipiga simu kuomba siku nyingine za msimu. Sharti lake jipya lilikuwa kwamba tusiweke viti.

Siku ileile, magari yalipoondoka, simu ya Doto ikaita. Tulikuwa tunarudisha viti. Alikuwa mwenye duara wa Katoro. Kulwa akasimama na kiti mkononi.

"Siji," Doto akasema. "Leo nimeshindwa na dada yangu kwa kinyago cha Mgogo. Nikiondoka sasa watasema nimekimbia. Nikishamshinda nitakuja." Akakata, akachukua viti viwili, akaenda navyo kanisani.

Kulwa alinitazama. Tulielewana: Doto asishinde kamwe. Tangu mwaka huo Doto hakushinda. Kila baada ya mavuno Kulwa alitoa jambo jipya: baiskeli inayopaa kwa kamba, mbuzi aliyevishwa suti, ugali uliopikwa juu ya kichwa cha mtu anayecheza. Wageni walikuja, malipo yakasomesha watoto wa pande zote mbili, na magari ya Edwini yalijua njia yenyewe. Nami nilikuwa nazunguka masoko na pikipiki kutafuta vitimbi vya kumwongezea Kulwa nguvu, kazi ambayo haikuwa kwenye barua yangu ya ajira. Nyinyi mlidhani nafanya ukaguzi. Wengine walimwona Kulwa mwanamke mwenye kiburi cha ajabu. Mimi nilijua kwamba kila msimu ukikaribia hakuwa anakula. Alikuwa anaogopa kushindwa kuliko mtu yeyote niliyemjua.

Mwaka huu, ngoma yangu ya mwisho kabla ya kustaafu, Kulwa alikuwa na nyoka wa bati anayetoa moshi. Watu walikuwa wote kwake. Kisha Doto, bila jogoo, bila jembe, akavuta uwanjani kreti kubwa la mbao lililozungushiwa udongo, lina tundu juu kama mdomo wa duara. Akaanza kuvuta kamba. Kutoka ndani akatoka mtu wa mti, mwenye vumbi jeupe usoni, macho yamefumbwa. Aliyeonekana kumvuta alikuwa mwanamke wa mti aliyesimama ukingoni, amevishwa kitenge cha Kulwa, kile kilichopotea kwenye kamba ya nguo, na kinywa chake kilikuwa wazi kama anaita jina.

Watu hawakukimbia, walitembea. Wote walihamia kwa Doto. Wanawake wa Wagika waliweka majembe chini wakaenda kutazama. Mwisho Kulwa mwenyewe aliacha kucheza, akavuka uwanja, akasimama mbele ya yule mwanamke wa mti. Doto alikuwa ameshinda, na alishasema akishinda atarudi shimoni. Mimi nilitazama chini, maana sikutaka kuwaona.

"Umeshindwa, Kulwa," Doto akasema taratibu. "Na nakujua, hutalala mpaka urudishe ushindi wako. Basi nipo. Sitakwenda kokote mpaka urudishe."

Kulwa akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. Akakizunguka kile kinyago, akakitazama mbele na nyuma, akasema pua yake haijawahi kuwa kubwa hivyo.